Kaunti yako hutumia pesa ngapi kwa utafiti? Nilijaribu kuuliza

Ilikuwa mwisho wa Januari 2025, saa tatu asubuhi, cuzo aliponipigia simu. Si kawaida yake kupiga saa hiyo kwa sababu huwa yuko kazini.

"Cuzo, kazi imeisha," akaniambia. "Tumeambiwa turudishe vishikwambi na beji leo leo."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuzunguka vijijini, huko pande za ziwa, nyumba hadi nyumba, akiwauliza akina mama kuhusu homa za watoto wao na kuchukua tone la damu kidoleni. Ulikuwa utafiti wa malaria. Alikuwa analipwa kwa siku, si doh ya kujengea ghorofa, lakini ilikuwa inalipa kodi na kumsomesha kitinda mimba wao. Pesa zilikuwa za Marekani. Tarehe 20 mwezi huo, Rais Donald Trump alikuwa ametia saini amri ya kusimamisha misaada ya kigeni kwa siku 90, na katika muda wa siku chache tu miradi mingi ya utafiti Afrika ikazimwa kama stima.

Nikamuuliza swali ambalo saa hii naliona la kijinga: "Kwani serikali yetu haiwezi kuendelea na huo mradi?"

Akacheka. "Gani hiyo?"

Lile swali lilinikaa kichwani. Sisi ndio kizazi kilichojifunza kusoma Mswada wa Fedha wa 2024 kwenye simu, ndani ya matatu, tukiwa tumesimama. Tunajua ushuru wa mkate ulikuwa umepangwa kuwa ngapi. Lakini ukituuliza serikali inatumia pesa ngapi kutafuta dawa, mbegu au njia mpya ya kutengeneza chochote, tunabaki tukiangaliana. Nikaamua kufuatilia. Nilichokipata kimenishangaza, na sehemu iliyonishangaza zaidi si kwamba pesa ni kidogo.

Sheria inasema asilimia 2

Tuanze na karatasi. Mwaka wa 2013 Bunge lilipitisha Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Ndiyo iliyotupa NACOSTI, ile tume ambayo kila mwanafunzi wa uzamili huikimbilia kutafuta kibali cha utafiti. Sheria hiyo hiyo ilianzisha Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, NRF, na ikasema waziwazi kwamba kila mwaka Hazina Kuu iweke humo pesa sawa na asilimia 2 ya pato jumla la taifa.

Soma tena. Si asilimia 2 ya bajeti. Ni ya pato la taifa, yaani thamani ya kila kitu ambacho nchi nzima imezalisha.

Mwaka wa 2023 pato letu lilikuwa takriban Sh15 trilioni. Asilimia 2 ya hiyo ni karibu Sh300 bilioni. Ili upate picha, mgao wa kaunti zote 47 kwa mwaka wa fedha wa 2023/24 ulikuwa Sh385 bilioni. Kwa hivyo sheria yetu wenyewe inataka utafiti upewe pesa zinazokaribia robo tatu na zaidi ya zile wanazogawana magavana wote.

Tangu 2013, hakuna mwaka hata mmoja ambao kiwango hicho kimefikiwa. Wala hakijakaribiwa. NRF imekuwa ikipata fungu ambalo ukiliweka kando ya hizo bilioni 300 unaweza kulikosa usipovaa miwani.

Basi tunatumia ngapi kwa kweli? Takwimu ambayo bado inanukuliwa sana ni ya mwaka wa 2010: asilimia 0.79 ya pato la taifa. Iko kwenye Ripoti ya Sayansi ya UNESCO ya 2015. Mwaka huo wa 2010 mimi nilikuwa darasa la tatu. Nilikuwa bado nalia nikinyolewa nywele. Na bado hiyo ndiyo namba ambayo watu wazima hutoa kwenye mikutano.

Halafu ifungue hiyo namba ndani. Watu wengi huisoma kama pesa za serikali, lakini humo mna kila mtu: serikali, vyuo vikuu, kampuni na wafadhili. Kwa mujibu wa takwimu hizo za UNESCO, karibu nusu, asilimia 47, ilitoka nje ya nchi. Serikali ilitoa kama robo, asilimia 26. Kampuni za kibiashara hazikufikisha hata asilimia 5.

Piga hesabu na mimi. Robo ya 0.79 ni kama 0.2. Yaani kwa kila Sh100 nchi ilizozalisha, serikali iliweka senti 20 kwenye utafiti, nao watu wa nje wakatuwekea senti 37. Viongozi wa Afrika wamekuwa wakitaja lengo la asilimia 1 tangu Mpango wa Lagos wa 1980. Korea Kusini, ambayo wazee wetu hawachoki kutukumbusha kwamba tulikuwa nayo sako kwa bako wakati wa uhuru, iko karibu asilimia 5.

Ndiyo maana cuzo alicheka.

Utafiti ni nini hasa?

Hapa ndipo nilipogundua kwamba kuhesabu hizi pesa ni kazi yenyewe.

Mwaka wa 1963, wataalamu wa takwimu wa nchi tajiri walikutana katika mji mdogo wa Frascati, nchini Italia, wakiwa na shida moja: kila nchi ilikuwa inaita kitu chake utafiti. Wakaandika mwongozo. Umefanyiwa marekebisho mara kadhaa, toleo la karibuni likiwa la 2015, na ndio dunia nzima hutumia mpaka leo kuamua nini kihesabiwe na nini kiachwe.

Mwongozo wa Frascati una maswali matano. Je, kazi hii inatafuta kitu kipya? Ina ubunifu, au unarudia yaliyofanywa? Hujui jibu kabla ya kuanza? Imepangwa na ina bajeti? Na mwisho, je, mtu mwingine anaweza kuchukua matokeo yako akayarudia? Kazi ikipita yote matano, huo ni utafiti. Ikianguka hata moja, ni kazi nzuri tu ya kawaida.

Jaribu hapa mtaani. Kaunti ikinunua matrekta 20, si utafiti. Ikipima maji ya kisima kila mwezi kwa vifaa vile vile, si utafiti. Ikilipa mshauri aandike kama soko jipya litapata wateja, pole, bado si utafiti. Lakini ikilipa watu wajaribu aina nane za mtama kwenye udongo wa kaunti hiyo ili ijue ni ipi inayostahimili kiangazi, na ikaandika matokeo, huo sasa ndio utafiti.

Kuna mtego mwingine, na huu ni wetu sisi. Neno "maendeleo". Ukisikia "utafiti na maendeleo", hayo maendeleo maana yake ni kuchukua kilichogunduliwa na kukigeuza kuwa kitu cha kutumika: mbegu, chanjo, mashine. Lakini kwenye bajeti zetu, "matumizi ya maendeleo" ni barabara, masoko na vyumba vya madarasa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende huko. Kwa hivyo ukiona gavana anajipiga kifua kwamba ametumia mabilioni kwa maendeleo, anazungumzia simiti. Maabara haimo kwenye hiyo hesabu.

Isitoshe, hata kwa serikali kuu pesa za utafiti hazikai mfuko mmoja. KEMRI iko chini ya afya. KALRO, ya kilimo na mifugo, iko kwingine. KEFRI ni misitu, KMFRI kule Mombasa ni bahari na samaki, KIRDI ni viwanda. Kila moja ina bajeti yake katika wizara yake. Na ndani ya bajeti hiyo mna mishahara, mafuta ya magari na kukata nyasi. Ili ujue utafiti wenyewe umepata ngapi, lazima mtu aende aulize kila taasisi kwa fomu, swali moja moja.

Wenzetu huuliza vipi

Nilipofika hapo nikaanza kucheki wengine hufanyaje. Nikakutana na Marekani, na si ile serikali ya Washington iliyomkata cuzo kazi. Ni serikali za majimbo.

Marekani ina majimbo 50, kila moja na gavana wake, bunge lake na bajeti yake. Hata sisi tuna magavana, kwa hivyo tunaelewana. Tangu mwaka wa fedha wa 2006, kituo cha takwimu cha Wakfu wa Taifa wa Sayansi, NSF, kikishirikiana na shirika lao la sensa, kimekuwa kikifanya uchunguzi wa jambo moja tu: kila serikali ya jimbo imetumia pesa ngapi kwa utafiti.

Wanafanya hivi. Kila jimbo lina mratibu. Mratibu anapeleka fomu kwa idara zote zinazoweza kuwa na utafiti: kilimo, afya, nishati, mazingira na maliasili, uchukuzi na kadhalika. Idara inajaza: ulitumia ngapi? Pesa zilikuwa za jimbo au za serikali kuu? Utafiti ulifanya wewe mwenyewe, au ulimpa mtu mwingine, kama chuo kikuu au kampuni? Vyuo vikuu vyenyewe havijazi fomu hii kwa sababu vina uchunguzi wao tofauti, ili shilingi moja isihesabiwe mara mbili. Mwishowe matokeo yanawekwa hadharani, jimbo kwa jimbo.

Kwa nini wanajisumbua? Kwa sababu kule jimbo linaweza kuamua mambo mazito. Mwaka wa 2004 wapiga kura wa California walikubali jimbo lao likope dola bilioni 3 kufadhili utafiti wa seli shina. Mwaka wa 2020 wakaidhinisha nyingine bilioni 5.5. Texas, mwaka wa 2007, wapiga kura walipitisha dola bilioni 3 za utafiti wa saratani, na 2019 wakaongeza nyingine bilioni 3. Wananchi walipiga kura kuhusu utafiti, kama vile sisi hupiga kura kuhusu nani atatuletea lami.

Sitaki mtu aniambie "hao ni matajiri". Najua ni matajiri. Sisemi gavana wetu akope mabilioni. Nasema wao wanaulizwa. Kujaza fomu hakuhitaji utajiri.

Mlango hadi mlango

Basi nikaamua kuuliza kaunti yangu. Sitaitaja, kwa sababu nina hakika ungepata kisa hiki hiki kwingine.

Siku ya kwanza nilienda ofisi ya bajeti. Mama mmoja mpole akaniambia, "Kijana, mambo ya utafiti nenda mipango." Mipango wakanituma kilimo. Pale kilimo, afisa mmoja mzee akaniangalia juu hadi chini. "Wewe ni wa chuo gani?"

Nikamwambia ukweli. Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea kemia ya viwandani. Karo ilikuwa shida, lakini kilichonivunja moyo zaidi ni maabara. Tulikuwa tunachorewa jaribio ubaoni, tunaambiwa rangi itabadilika kutoka samawati hadi waridi, tunaandika "imebadilika". Kemikali hazikuwepo. Nilisoma mwaka na nusu nikiandika mambo ambayo sikuwahi kuyaona.

Yule mzee akanyamaza kidogo. Kisha akavuta kiti. "Keti," akasema.

Akaniambia kwamba kilimo kiliposhushwa kwa kaunti chini ya Katiba ya 2010, watafiti hawakushuka nacho. Walibaki KALRO, serikali kuu. Kaunti ilibaki na maafisa wa nyanjani, ambao kazi yao ni kumfikishia mkulima kile ambacho tayari kinajulikana. "Sasa ukija ugonjwa ambao haujulikani," akasema, "sisi tunapiga simu Nairobi kama wewe."

"Na bajeti ya utafiti?"

"Iko. Mwaka uliopita tulikuwa na laini ya utafiti."

Nikafurahi. Nikauliza ilifanya nini.

"Tuliajiri mshauri akawauliza wananchi kama wanataka soko."

Tukacheka wote wawili, lakini yeye aliacha kucheka kabla yangu. Nilipoondoka akanipa mkono na kusema hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hilo swali. Si diwani, si mwanahabari, si mtu wa Nairobi.

Hiyo ndiyo sehemu iliyonishangaza kuliko uchache wa pesa. Yule mzee angeweza kujaza fomu ya Frascati kwa nusu saa. Jibu lingekuwa sufuri. Lakini hata sufuri ni namba. Ukishakuwa na sufuri iliyoandikwa na kugongwa muhuri, unaweza kumwonyesha diwani wako na kumwuliza mbona.

Kwani inanihusu nini?

Najua kuna msee anasoma hapa akisema: bana, mimi natafuta kazi, wewe unaniletea mambo ya maabara.

Sawa, tuongee unga. Mwezi wa Septemba 2011, wakulima wa Bomet waliona mahindi yao yakikauka majani yakiwa bado mabichi upande mmoja. Hakuna aliyejua ni nini. Ilikuja kujulikana kwamba ni virusi viwili vikishambulia mmea mmoja kwa pamoja, ugonjwa ambao ulikuwa haujawahi kuripotiwa hapa kwetu. Ulisambaa kaunti baada ya kaunti, na kuna mashamba yaliyopoteza mavuno yote. Mwaka wa 2013 kituo cha kupima mbegu zinazoweza kuhimili ugonjwa huo kikafunguliwa Naivasha, kwenye shamba la shirika letu la utafiti wa kilimo, kwa ushirikiano na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano. Kazi safi. Mbegu zikapatikana. Na pesa za kukijenga? Wakfu wa Bill na Melinda Gates, na wakfu wa kampuni ya Syngenta.

Au malaria. Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi tatu za kwanza kutoa chanjo ya RTS,S kwa watoto kwa majaribio, mwaka wa 2019, na uzinduzi ulifanyika Homa Bay. Kule Kilifi, KEMRI imekuwa ikifanya kazi na Wellcome, wakfu wa Uingereza, tangu 1989. Wanasayansi wetu wanaheshimika dunia nzima. Ubongo upo. Anayelipia stima ya friji ndiye wa nje.

Sina ubaya na wa nje. Lakini anayelipa ndiye huchagua swali. Na siku akiamua kuondoka, kama Januari ile, anaondoka na swali lake likiwa nusu.

Halafu kuna hili la ajira. Tunaambiwa kila siku tujiajiri, tuwe wabunifu, tubuni programu za simu. Kubuni kunahitaji kujaribu na kushindwa mara kumi kabla ya kupatia, na kushindwa mara kumi kuna gharama. Pesa za utafiti ndizo hulipia huko kushindwa. Zisipokuwepo, kila mtu anauza kile ambacho jirani yake anauza. Angalia mtaa wako uhesabu vibanda vya M-Pesa.

Unachoweza kufanya bila kurusha jiwe

Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Huhitaji wakili na hulazimiki kueleza unazitakia nini. Ukinyimwa, unapeleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman.

Nimeandika barua yangu ikiwa na maswali manne, nawe unaweza kuyachukua ulivyo:

1. Katika mwaka wa fedha uliopita, kila idara ya kaunti ilitumia pesa ngapi kwa utafiti, yaani kazi ya kutafuta majibu mapya, bila kuhesabu ununuzi, mafunzo wala ripoti za washauri kuhusu miradi?
2. Pesa hizo zilitoka wapi: kaunti, serikali kuu au wafadhili?
3. Nani aliyefanya utafiti huo?
4. Matokeo yako wapi, na mwananchi anaweza kuyasoma vipi?

Nikaipeleka mwenyewe, ikapigwa muhuri, nikabaki na nakala. Sekretari aliisoma mara mbili akaniuliza kama natafuta kazi. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi unatafuta nini?"

Cuzo siku hizi anauza duka la pembejeo. Anasema kazi si mbaya. Kinachomsumbua ni siku za soko. Hukutana na wale akina mama aliokuwa akienda kwao na kishikwambi. Wanamsalimia vizuri, wananunua dawa ya kupe, halafu wanamwuliza: ile damu ya mtoto mliyochukua, majibu yalienda wapi?

Hajui. Sampuli ziliwekwa kwenye friji, na funguo za ofisi zilirudishwa pamoja na beji. Yeye huwaambia atauliza.

Barua yangu leo ina siku 12. Zimebaki tisa. Wakijibu, hata kama ni sufuri, nitaiweka hapa muione.